Amelia Bloomer: jina lililobaki kwenye suruali

Nilimfahamu Amelia Bloomer kwanza kama neno, si kama mtu. Nilikuwa natayarisha zoezi la leksikolojia kuhusu majina ya watu yaliyogeuka kuwa nomino za kawaida, na katika kamusi ya Kiingereza nikakuta bloomers: suruali pana ya kike iliyobanwa chini. Kamusi iliongeza tu kwamba neno hilo limetokana na jina la mwanamke Mmarekani. Nilinakili, nikaendelea na neno lililofuata. Baadaye, nilipotaka kujua mwanamke huyo alikuwa nani, niligundua jambo lililonifanya niandike makala hii. Vazi hilo hakulibuni yeye, hakuwa wa kwanza kulivaa, na baada ya miaka michache alilivua kwa hiari yake. Kazi yake hasa ilikuwa gazeti. Ulimwengu umesahau gazeti, umeshika suruali.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1818 katika mji mdogo wa Homer, jimbo la New York, akaitwa Amelia Jenks. Alisoma shule ya kawaida tu, kwa miaka michache. Hata hivyo, alipofika umri wa miaka 17 alifundisha shule kwa muhula mmoja, kisha akaajiriwa na familia moja mjini Waterloo awalee na kuwasomesha watoto wao. Tarehe 15 Aprili 1840 aliolewa na Dexter Bloomer, kijana aliyekuwa akisomea sheria huku akihariri gazeti la mji wa Seneca Falls. Katika kiapo chao cha ndoa waliondoa ahadi ya mke kumtii mume. Jina la mume, lakini, alilichukua kama desturi ilivyotaka. Msomaji aliweke akilini jambo hili, tutalirudia.

Amelia alikuwa mwenye haya. Mume wake ndiye aliyemsukuma kuandika, na makala zake za kwanza zilitoka katika gazeti la Dexter bila jina lake. Mada iliyomchoma moyo ilikuwa ulevi. Leo twaweza kudhani hilo ni jambo la mahubiri tu, tukashindwa kuona linahusianaje na haki za wanawake. Uhusiano wenyewe ulikuwa katika sheria. Katika Marekani ya wakati huo, mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa amemezwa ndani ya mumewe: mali aliyokuja nayo na mshahara alioupata kwa jasho lake vilikuwa chini ya mume. Mume mlevi aliweza kunywa ujira wa mkewe mpaka watoto walale njaa, na hakuna mahakama iliyoweza kumzuia. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 1848 iliyowaachia wake mali yao wenyewe, lakini mshahara ulisubiri hadi mwaka 1860. Kwa hiyo mwanamke aliyeanza kwa kuuliza juu ya chupa alifika haraka kwenye swali la nani anatunga sheria, na nani anawapigia kura watungaji.

Swali hilo lilifika mlangoni kwake. Tarehe 19 na 20 Julai 1848, Seneca Falls ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa haki za wanawake nchini humo, ulioandaliwa na Elizabeth Cady Stanton, Lucretia Mott na wenzao. Watu 100, wanawake 68 na wanaume 32, walitia sahihi tamko lililodai usawa, pamoja na haki ya kupiga kura. Amelia alikwenda akasikiliza, lakini sahihi yake haimo. Alikuwa bado hajafika huko.

Kilichomfikisha ni kazi. Tarehe 1 Januari 1849 lilitoka toleo la kwanza la The Lily, yaani Yungiyungi, gazeti la chama cha wanawake wa Seneca Falls waliopinga ulevi. Chama kilipolegea na kujiondoa, Amelia alibaki nalo peke yake: mhariri, mchapishaji, mtunza hesabu na mpeleka nakala posta. Mwaka huohuo Dexter aliteuliwa mkuu wa posta, naye Amelia akawa naibu wake. Chumba kilichopakana na posta aliwafungulia wanawake wa mji, wakawa wanakuja kusoma magazeti na kuzungumza. Stanton alianza kumpelekea makala, akitumia jina la bandia la alizeti, Sunflower. Taratibu kurasa za The Lily zilihama kutoka ulevi pekee kwenda kwenye elimu ya wasichana, ujira wa wafanyakazi wa kike, sheria za ndoa na kura. Mhariri alibadilika pamoja na gazeti lake.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1851 alifanya tendo dogo ambalo wanahistoria hawalisahau. Mwanamke mmoja mpinga ulevi, Susan B. Anthony, alikuwa mgeni wake. Walipokutana na Stanton barabarani, Amelia aliwajulisha. Wanawake hao wawili walifanya kazi pamoja kwa muda wa nusu karne uliofuata, wakaongoza harakati nzima ya kudai kura. Leo kuna sanamu huko Seneca Falls inayoonyesha kukutana huko, na Amelia yupo katikati yao.

Ni katika miezi hiyohiyo vazi lilipoingia katika maisha yake. Mwanamke wa tabaka la kati alivaa koseti iliyotiwa vipande vya mfupa wa nyangumi, ikibana mbavu na tumbo, na chini yake magagulo kadhaa, moja juu ya jingine, ili sketi ivimbe. Uzito wote ulining'inia kiunoni. Pindo liliburuta matope ya barabarani na kuyaingiza ndani. Kupanda ngazi ukiwa na mtoto mkono mmoja na taa mkono mwingine ilikuwa kuhatarisha maisha, maana hakuna mkono uliobaki wa kuinua sketi. Elizabeth Smith Miller, binti wa mwanasiasa Gerrit Smith, alichoshwa na sketi hizo alipokuwa akifanya kazi bustanini. Alijishonea sketi fupi iliyoishia chini kidogo ya magoti, na chini yake suruali pana iliyofika kwenye kifundo cha mguu. Alipomtembelea binamu yake Stanton mjini Seneca Falls, Stanton alishona ya kwake. Amelia akafuata. Alikuwa wa tatu.

Tofauti yake na wale wawili ni kwamba yeye alikuwa na gazeti. Aliwaeleza wasomaji kwamba amelivaa na kwa nini. Magazeti makubwa, likiwemo New York Tribune, yakadaka habari, na barua zikamiminika kutoka kila upande zikiomba maelezo ya kushona. Nakala za The Lily zilipanda kutoka karibu 500 kwa mwezi hadi karibu 4,000. Wanawake wenyewe waliliita vazi fupi au vazi la uhuru. Wengine waliliita vazi la Kituruki. Waandishi wa magazeti, karibu wote wanaume, waliliita Bloomer. Mara nyingi Amelia alieleza kwamba sifa ni ya Bibi Miller. Haikusaidia kitu. Neno lilikwisha kutoka mikononi mwake.

Hapa naomba ruhusa ya mwanafunzi wa isimu kusimama kidogo. Wale walioliita vazi la Kituruki hawakukosea sana, kwa kuwa wanawake wa Uturuki walivaa suruali kama hiyo na kuiita şalvar. Neno hilo ni la Kiajemi, na kwa njia ya Kiarabu, sirwal, ndilo lililotupa sisi suruali. Huko Unguja, katika karne hiyohiyo, mabibi wa jamaa ya sultani walivaa suruali za marinda chini ya kanzu zao, na hakuna aliyeona kwamba wametwaa uanaume. Kwa hiyo dhambi haikuwa katika kitambaa. Na sisi ambao mitaani twapenda kutumia neno la Kifaransa pantalon, twatumia pia jina la mtu: Pantalone, mzee bahili wa michezo ya kuigiza ya Kiitaliano. Jina la mhusika wa jukwaani lilipogeuka vazi, hakuna aliyeumia. Amelia alikuwa mtu hai, mwenye jambo la kusema.

Kingine ni kwamba hata jina lililogeuka neno halikuwa lake la kuzaliwa. Lilikuwa la Dexter. Lucy Stone, aliyevaa vazi hilohilo, alipoolewa mwaka 1855 alikataa kuacha jina lake la ukoo. Amelia alifuta utii kwenye kiapo, lakini jina alilibadilisha. Kwa hiyo vazi la uhuru wa wanawake limebeba mpaka leo jina la mume wa mtu.

Dhihaka ilianza mara moja. Katika mwaka huohuo wa 1851 vazi lilivuka bahari, na jarida la Punch la London likajaza kurasa zake vibonzo vya wanawake wenye suruali wakivuta sigara na kuwaamuru waume zao. Vijana waliwafuata wavaaji barabarani wakiwazomea. Wahubiri walisema Maandiko yamekataza mwanamke kuvaa vazi la mwanamume. Kilichowakera haikuwa miguu, kwa maana ilikuwa imefunikwa kabisa. Suruali ilikuwa alama ya mwenye kauli nyumbani na mwenye kura nje, na watu waliisoma kama maandishi. Sisi wa Kongo twaelewa jambo hili bila kufundishwa: wazazi wetu waliishi wakati ambapo abakosti ilikuwa siasa tangu jina lake, na mwanamke alikatazwa suruali kwa jina la uhalisi.

Mmoja baada ya mwingine, viongozi walilivua. Stanton aliliacha baada ya miaka kama miwili, Stone na Anthony wakafuata. Waliona kwamba walipopanda jukwaani kudai mshahara na kura, wasikilizaji walitazama miguu yao. Gerrit Smith aliwalaumu: kwake, mwanamke asiyeweza kujikomboa katika nguo zake hawezi kudai ukombozi mwingine wowote. Amelia alivumilia kuliko wengi, kwa miaka kama sita au minane, akihutubia na kusafiri akiwa amevaa hivyo.

Wakati huo aliendelea kufanya jambo lililo gumu kuliko kuvaa. Mwishoni mwa mwaka 1853 alihamia na mumewe Mount Vernon, Ohio, akaichukua The Lily pamoja naye. Alipomwajiri mwanamke ajifunze kupanga herufi za chapa, wachapaji wanaume waligoma. Akina Bloomer hawakurudi nyuma: wagomaji waliachishwa kazi na wanawake wakaajiriwa, kwa ujira uleule wa wanaume. Mimi naona tukio hilo lina uzito kuliko suruali zote za mwaka 1851, lakini halikuzaa neno.

Mwaka 1855 Dexter alivutiwa na Council Bluffs, Iowa, kwenye ukingo wa mto Missouri. Reli haikuwa imefika huko, na bila reli gazeti la kitaifa haliwezi kusambazwa. Amelia aliliuza kwa Mary Birdsall wa Indiana, akamfuata mume. Ni vigumu kusoma sehemu hii bila uchungu: aliyeandika miaka sita juu ya uhuru wa wake aliacha sauti yake kwa sababu kazi ya mume ilihama. Hakunyamaza, lakini. Mwezi wa Januari 1856 alialikwa kuhutubia bunge la eneo jirani la Nebraska, ambalo lilikuwa bado halijawa jimbo, kuhusu kura ya wanawake. Baraza la chini likapitisha muswada, lakini kikao kikaisha kabla baraza la juu halijaujadili. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliwaongoza wanawake wa mji kuwasaidia askari, na kuanzia mwaka 1871 hadi 1873 alikuwa rais wa chama cha Iowa kilichodai kura.

Huko Council Bluffs ndipo alipoliacha vazi fupi. Alitaja sababu za kawaida kabisa: upepo mkali wa nyanda zile uliipeperusha sketi fupi, na krinolini mpya, fremu nyepesi ya pete, iliondoa uzito wa magagulo. Tena aliona kwamba vazi limewapotosha watu wasisikie mambo makubwa zaidi. Wapo wanaomhukumu kuwa alishindwa. Mimi sikubali. Vazi kwake lilikuwa chombo cha kazi, na chombo kikiharibu kazi, fundi hukiweka chini.

Alifariki Council Bluffs tarehe 30 Desemba 1894, akiwa na umri wa miaka 76. Katika miaka hiyohiyo wasichana wa Marekani na Ulaya walikuwa wakipanda baiskeli wakiwa wamevaa suruali pana, na wote waliziita kwa jina lake. Kura ya wanawake ilipatikana nchini kote mwaka 1920, hakuiona.

Zoezi langu nililirudia kabla ya kulikabidhi. Mbele ya neno bloomers nilibakiza maana ya kamusi, kwa sababu maana hutokana na wasemaji na mimi si mwenye kuisahihisha. Lakini kwenye safu ya asili ya neno nilifuta maneno mwanamke Mmarekani, nikaandika: Amelia Jenks Bloomer, mhariri.