Simon Kimbangu: Nasara au Dini Mbali?

Alasiri moja hapa Kuruwitu, maji yamekupwa na mashua zimelala ubavu, mabishano yalizuka barazani. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Mombasa alikuwa amekutana na Wazungu wawili wa mashati meupe na tai, vitabu mkononi, akaambiwa kuwa ni Wamormoni. Akataka kujua: hawa ni Manasara? Na kama ni Manasara, ni Waprotestanti au wana dini yao mbali? Mzee mmoja wa nyavu alisema Nasara ni Nasara, kuna haja gani ya kuwapekua. Jirani yetu Mgiriama, mtu wa kanisa la Anglikana, alikataa katakata. Kwake yeye, mwenye kuongeza kitabu juu ya Injili ameshatoka nyumbani.

Hakuwa peke yake katika rai hiyo. Joseph Smith, aliyeuawa gerezani huko Marekani mwaka 1844, aliwaachia wafuasi wake Kitabu cha Mormoni, na Kanisa Katoliki liliamua mwaka 2001 kwamba ubatizo wao si ubatizo. Wao wenyewe hujiita Wakristo, ila Uprotestanti hawautaki. Lakini Marekani ni mbali. Niliwaambia wenzangu kuwa kesi kama hii tunayo hapa hapa Afrika, na mwenyewe alifia katika mji unaosema Kiswahili.

Simon Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, Kongo ya chini, upande wa machweo. Mwaka 1915 alibatizwa yeye na mkewe, Marie Muilu, na wamisionari Wabaptisti wa Kiingereza, kisha akawa mwalimu wa dini. Kufikia hapo hakuna wa kubisha: ni Mprotestanti. Yasemwa kuwa mwaka 1918, mafua yalipokuwa yakifyeka watu, alianza kusikia mwito, akaukimbia hata akaenda kutafuta kazi Kinshasa. Mwito haukumwacha. Tarehe 6 Aprili 1921 alimwombea mwanamke mgonjwa, na wafuasi wake wanaamini kuwa alipona pale pale.

Basi Nkamba ikawa hapana pa kukanyaga. Watu waliacha mashamba ya Wazungu, waliacha vitanda vya hospitali, wakaenda kwa miguu kumwona. Aliwafundisha watupe hirizi, waache ngoma, na mume awe na mke mmoja. Mimi sioni katika hayo neno hata moja ambalo mmisionari asingelisema. Serikali ya Kibelgiji, hata hivyo, haikutazama maneno. Ilitazama mashamba yaliyobaki bila vibarua. Mwezi wa Juni askari walikuja kumkamata, akawaponyoka. Septemba alirudi Nkamba kwa hiari yake akajitoa mikononi mwao.

Mahakama ya kijeshi ilimhukumu tarehe 3 Oktoba 1921, bila wakili wa kumtetea: viboko 120, kisha kifo. Wamisionari Wabaptisti walimwombea huruma, na Mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, upande wa pili kabisa wa nchi. Watu wa Kilifi watamkumbuka Mekatilili wa Menza, aliyepelekwa Kisii mwaka 1913 ili Wagiriama wamsahau. Mekatilili alitoroka, akarudi kwao. Kimbangu hakurudi. Alikaa kifungoni miaka 30, nje ya ukuta watu wa migodi ya shaba wakisema Kiswahili, yeye mgeni wa Kikongo, akafa humo humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Mkewe nadhani ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi, na hatajwi ipasavyo. Akichungwa na serikali, alilea wana watatu na kuishika ile imani kwa siri, huku maelfu ya wafuasi wakihamishwa mikoa ya mbali. Alifariki Aprili 1959. Desemba ya mwaka huo huo serikali ililitambua kanisa lao chini ya mwana wake mdogo, Joseph Diangienda. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ukarejeshwa Nkamba.

Mwaka 1969 Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliwapokea Wakimbangu, ikaonekana swali la kijana wetu limepata jibu. Wana mambo yao, naam. Hawanywi pombe. Nguruwe hawamli, na mahali patakatifu huvua viatu. Karamu yao ya Bwana, tangu walipoianza mwaka 1971, ni mkate wa viazi, mahindi na ndizi, na badala ya divai ni asali iliyotiwa maji. Hayo hayakumkera mtu. Kilichokera ni mafundisho yaliyopata nguvu baadaye, kwamba Kimbangu ndiye Roho Mtakatifu mwenyewe aliyevaa mwili. Hata Krismasi waliihamisha wakaiweka tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Dialungana, mwana wake wa pili. Mwaka 2021 lile Baraza lililowapokea likawatoa. Miaka miwili baadaye, mwaka 2023, serikali ya Kongo ikaifanya tarehe 6 Aprili kuwa sikukuu ya taifa kwa heshima ya Kimbangu.

Jirani yetu aliuliza, basi tumwite nani mtu huyu? Nikampa rai yangu: aliyepandishwa kizimbani mwaka 1921 alikuwa Mbaptisti, na kanisa la leo lina hesabu yake mbali. Marehemu tusimtoe katika dini yake kwa maneno yaliyosemwa juu yake wakati yeye hana tena kinywa cha kujibu. Jirani hakuridhika. Alisema wenye kumfuata ndio wanaomjua, na wao wamesema ni Roho Mtakatifu. Kama wamekosea, ni wao wa kusahihisha, si mimi Mwislamu wa Kuruwitu. Hapo alinishika kidogo.

Mzee wa nyavu yeye aliuliza tu kama ni kweli kwamba nguruwe hawamli. Nikamwambia ni kweli. Akanyamaza kitambo, mkono ungali katika uzi wake, kisha akaniuliza tena mtu yule alifungwa miaka mingapi.