Fanon: Tabibu Aliyeshindana na Damu Yake

Mnamo tarehe 6 Disemba 1961 alikufa hospitalini Bethesda, karibu na Washington, mgonjwa mmoja wa miaka 36 aliyeandikishwa kwa jina la Ibrahim. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Frantz Fanon. Hilo la Ibrahim lilikuwa la safari na usalama, wala sisemi kwamba alisilimu. Bali miaka yake ya mwisho aliitoa kwa ajili ya Waislamu wa Aljeria, na hilo halina ubishi.

Alizaliwa 1925 kisiwani Martinique, koloni la Ufaransa, katika kizazi cha watumwa. Aliipigania Ufaransa katika Vita vya Pili, akajeruhiwa, akapewa nishani, kisha akasomea utabibu mjini Lyon. Mwaka 1953 akaenda Blida, Aljeria, kutibu wagonjwa wa akili.

Huko Blida alianza kwa kuwapa wagonjwa sinema, tafrija na mikutano. Wanawake wa Kizungu walichangamka; wanaume wa Kiislamu wakakaa kimya. Fanon hakuwalaumu. Alitambua kuwa dawa ile ililetwa bila ya kuwauliza wenyewe mila zao. Basi akawafungulia mkahawa wa kwao, sikukuu zao zikasherehekewa, na mtambaji wa hadithi akaitwa. Sisi wa pwani, tuliolelewa barazani kwa kahawa chungu, hatuhitaji kuelezwa kwa nini ndimi zilifunguka.

Vita vya ukombozi vilipowaka Novemba 1954, akawa anatibu walioteswa, na hata askari waliowatesa. Mwishoni mwa 1956 aliacha kazi. Akafukuzwa nchini, akahamia Tunis kwa wapiganaji wa FLN. Disemba 1958 alihutubia mkutano wa watu wa Afrika mjini Accra, mwenyekiti akiwa Tom Mboya wetu, na 1960 akarudi huko huko akiwa balozi wa serikali ya muda ya Aljeria.

Mwaka huo alisafiri Mali kutafuta njia ya kupitisha silaha jangwani. Akarudi amekonda, hana nguvu. Damu ilipopimwa, ikaonekana ni lukemia, yaani saratani ya damu.

Ugonjwa huu hutoka katika uboho wa mifupa. Chembe nyeupe huzaliwa kupita kiasi, na nyingi hazijakomaa. Zikazisonga chembe nyekundu na zile zinazogandisha damu, mtu akaishiwa nguvu, akavuja damu, na homa ndogo ikamwangusha. Iko lukemia inayokwenda polepole, mtu akaishi nayo miaka akidhani ni uchovu tu. Na hiyo ya polepole nayo huweza kugeuka ghafla ikawa kali. Zama zile ikigeuka hivyo, matabibu hawakuwa na la kufanya. Tangu 2001 ziko dawa zilizowapa wengi wenye aina moja ya lukemia ya polepole umri mrefu; Fanon hakuzikuta.

Alipelekwa Moscow mwanzoni mwa 1961. Dawa zikautuliza ugonjwa, zisiung'oe. Yeye ni tabibu, alijua maana ya utulivu ule. Wengine wangepumzika. Fanon alirudi Tunis, akaenda mpakani kuwasomesha maafisa wa jeshi la ukombozi, na katika muda wa miezi michache akakimaliza kitabu chake kikubwa, ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kiswahili na kuchapishwa Dar es Salaam kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Kwa desturi alitunga kwa kutamka akitembea chumbani, mwingine akiandika. Ndiyo sababu, nionavyo mimi, maneno yake yana pumzi ya msemaji kuliko kalamu ya mwandishi. Mwezi wa Julai alikutana na Sartre mjini Roma, naye akamwandikia dibaji.

Maradhi yakarudi kwa nguvu. Marekani hakuipenda kwa unyama wake kwa watu weusi, lakini mwezi wa Oktoba alikubali kwenda, safari ikapangwa na majasusi wa nchi hiyo hiyo. Alikaa siku kadhaa hotelini kabla ya kulazwa. Nakala ya kitabu ilimfikia kitandani. Siku chache baadaye nimonia ikammaliza.

Alikuwa ameomba azikwe katika ardhi ya Aljeria. Maiti ikarushwa hadi Tunis, na tarehe 12 Disemba wapiganaji wakaivusha mpaka, vita vikiendelea, wakamzika upande wa pili. Aljeria ilipata uhuru Julai 1962. Sasa kaburi lake liko Ain Kerma, katika makaburi ya mashahidi.