Bialetti na birika la mikono mingi

Katika mitihani ya shule zetu, suala la uvumbuzi aghalabu huulizwa kwa namna moja tu: ni nani aliyevumbua kitu fulani? Mwanafunzi huandika jina moja, akapewa alama moja, na jambo likaishia hapo. Kwa maoni yangu, swali hilo hufundisha uongo mdogo ambao madhara yake ni makubwa. Nitajaribu kuuonyesha uongo huo kwa kuyafuata maisha ya Alfonso Bialetti, fundi wa Kiitalia ambaye jina lake limeambatana na birika dogo la kupikia kahawa nyumbani, liitwalo Moka.

Bialetti alizaliwa mwaka wa 1888 katika kijiji cha Montebuglio, kwenye jimbo la Piemonte, kaskazini mwa Italia. Angali kijana, alivuka mpaka akaenda Ufaransa kutafuta riziki, na kwa takriban miaka kumi alifanya kazi katika viwanda vya alumini. Huko ndiko alikoelimika. Alijifunza kuisubu alumini katika kalibu za chuma, zile ambazo hazivunjwi kila mara fundi atoapo kitu bali hutumika tena na tena. Aliporejea kwao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alifungua karakana yake mwaka wa 1919 huko Crusinallo, katika mji wa Omegna, akawa anatengeneza bidhaa za alumini.

Zama hizo kahawa nzito ya espreso ilikuwa mali ya mikahawa. Ilihitaji mashine kubwa na ghali, na mhudumu aliyejua kuiendesha. Kwa hivyo, aliyeitaka kahawa hiyo ilimbidi atoke nyumbani. Bialetti alijiuliza jinsi ya kuuhamishia mvuke huo jikoni. Husimuliwa kwamba jibu alilipata kwa kuwatazama wanawake wakifua nguo. Walitumia chombo kikubwa chenye bomba katikati. Maji ya sabuni yalipochemka yalipanda katika bomba hilo na kuzimwagikia nguo kutoka juu.

Birika lilitokea mwaka wa 1933, na mpango wake ni mwepesi kueleweka. Sehemu ya chini hutiwa maji, yasivuke vali ya usalama. Juu ya maji hukaa kikombe chenye matundu, nacho hujazwa kahawa iliyosagwa bila kushindiliwa. Kisha sehemu ya juu hufungwa kwa kuzungushwa hadi ikaze. Moto ukiwashwa, hewa na mvuke uliofungiwa chini huyasukuma maji yapande, yapenye katika kahawa, na kutokeza juu yakiwa kinywaji kamili. Msukumo huo ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa mashine za mikahawani, basi kinywaji chake si espreso halisi, ingawa ni kikali na kizito. Mpishi hodari hutumia moto mdogo na huliepua birika mara linapoanza kukoroma, kabla kahawa haijaungua.

Je, basi, mvumbuzi ni Bialetti peke yake? Wapo wanaomtaja Luigi De Ponti kuwa ndiye aliyelisanifu birika hilo kwa ajili ya Bialetti. Wapo Wafaransa waliomfunza kusubu. Wapo pia wale wafuaji nguo, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Isitoshe, kitu kizuri hakijiuzi. Bialetti aliyauza mabirika yake katika masoko ya sehemu za kwao, na inakadiriwa kuwa hadi mwaka wa 1940 yalikuwa yameuzwa 70,000 hivi. Siasa nazo ziliingilia kati. Serikali ya Mussolini iliitukuza alumini kwa kuwa Italia ilikuwa na mawe yanayotoa metali hiyo. Lakini mwaka wa 1935 serikali iyo hiyo iliivamia Ethiopia, nchi ambayo ndiyo chimbuko la kahawa aina ya arabika, na Italia ikawekewa vikwazo vya kiuchumi. Kahawa ikaadimika. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, kazi ya mabirika ilikwama.

Aliyelifufua birika ni mwanawe, Renato, aliyerudi kutoka kifungo cha kivita nchini Ujerumani na kuichukua kazi mwaka wa 1946. Aliacha bidhaa nyingine, akaishikilia Moka peke yake, na kuitangaza kwa mabango, redio na televisheni. Katika miaka ya 1950 msanii Paul Campani alichora kibonzo cha mtu mwenye masharubu, kikawa nembo ya birika hilo. Alfonso alifariki mwaka wa 1970 akiwa ameliona birika lake likienea katika jikoni za Italia nzima. Renato alipofariki mwaka wa 2016, majivu yake yalizikwa ndani ya birika kubwa la Moka.

Mimi, ambaye kazi yangu ni kufuatilia nasaba za maneno, naona kwamba hata jina la chombo hiki lina wazazi wengi. Moka linatokana na bandari ya al-Mukha nchini Yemeni, ambako kahawa ilisafirishwa kwa karne nyingi. Neno la Kiitalia la kahawa lilipitia Kituruki kutoka Kiarabu, na Kiarabu hicho ndicho kilichotupa Waswahili neno kahawa. Dele la muuza kahawa wa Mombasa na birika la Bialetti ni ndugu waliolelewa pwani mbalimbali.

Madhara niliyoyataja ni haya. Mwanafunzi anayeamini kuwa uvumbuzi hushuka kutoka kichwa cha mtu mmoja mwenye kipawa hujiona yeye si mtu huyo, akakata tamaa mapema. Humdharau fundi wa Kamukunji anayekunja mabati, asijue kwamba elimu ya fundi huyo ni ya aina moja na ile ya Bialetti. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulileta masomo ya ufundi shuleni, kisha ukayapunguza. Mtaala wa umilisi nao unatupa fursa nyingine, lakini hautafaa kitu iwapo maswali yetu yatabaki yale yale.

Walimu wenzangu, tuulize pia mtu alijifunzia wapi, alimtazama nani, alisaidiwa na nani, na ni nani aliyekifikisha kitu chake kwa watu. Maswali hayo ni magumu kusahihisha. Hata hivyo, ndiyo yanayoweza kumwonyesha mtoto mahali pa kuanzia.