Seraphino Antao, Bingwa Tusiyemtaja

Juzi nilipokuwa nyumbani Voi kwa likizo, niliwauliza vijana waliokuwa wakijinoa kwa michezo ya shule ni Mkenya gani wa kwanza aliyenyakua dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wengi walimtaja Kipchoge Keino, na mmoja akamtaja Naftali Temu. Majina hayo ni ya fahari, ila wawili hao walitwaa dhahabu mwaka 1966. Miaka minne kabla yao alikuwapo Seraphino Antao, naye hakutajwa na yeyote.

Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937, mwana wa wazazi wenye asili ya Goa. Alikulia katika mji ule ule ambao Wataita wengi wameuteremkia kwa gari la moshi kutafuta riziki. Kocha wake, Ray Batchelor, alimnoa akawa hodari wa mbio fupi. Alishindana Cardiff mwaka 1958 na katika Olimpiki ya Rome mwaka 1960, akarejea bila medali. Hakukata tamaa.

Mwaka 1962, mjini Perth, Australia, alipambana na wakimbiaji mashuhuri, miongoni mwao Harry Jerome wa Kanada. Alishinda yadi 100 kwa sekunde 9.5, kisha akashinda yadi 220 kwa sekunde 21.1. Kenya ilikuwa ingali koloni. Uhuru ulipatikana Desemba mwaka uliofuata. Mwaka 1964, taifa changa liliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza likiwa huru, ni Antao aliyebeba bendera yake mjini Tokyo. Maradhi yalimdhoofisha huko, naye hakufua dafu. Baadaye alihamia London, akafariki huko Septemba 2011.

Kwa nini basi tumemsahau? Sababu moja ni kwamba sifa yetu ilihamia kwenye mbio ndefu. Ilitubidi tungoje hadi mwaka 2022, miaka 60 baada ya Perth, ndipo Ferdinand Omanyala akashinda mbio za mita 100 katika michezo hiyo. Nadhani ipo sababu ya pili, nayo yauma zaidi: wengi wetu tukilisikia jina lake humwona Mgoa kabla ya kumwona Mkenya.

Watasema wengine kwamba aliihama nchi mwenyewe. Hoja hiyo haina mashiko. Aliyehama hakuondoka na medali kutoka katika historia yetu, na wapo wanariadha wengi waishio ng'ambo ambao hatuchoki kuwashangilia.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu hunikumbusha kwamba kiambishi m- hakibagui. Humpokea Mtaita, Mkamba, Mswahili na Mgoa kwa namna moja, na mtu yule yule aweza kuwa Mgoa na Mkenya pasipo kuvunja kanuni yoyote ya sarufi. Voi yetu, mji uliokuzwa na reli, ni ushahidi wa jambo hilo: humo wamechanganyika watu wa asili nyingi, na kila mmoja huita hapo kwao.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Antao alicheza kwao. Kinachosalia ni sisi kukiri kwamba Mombasa ilikuwa kwao kweli, na kuwafundisha vijana wetu jina lake.