Rafu ya Vitabu ya Dakta Toweett

Huku kwetu pwani, ukitaka kumjua mtunzi hutazama vidaka vya chumba chake: msahafu juu ya marufaa, diwani zilizonakiliwa kwa herufi za Kiarabu, na kidau cha wino. Mtunzi wetu huandika hali amezungukwa na waliomtangulia, na aghalabu ni watu wa mji wake. Marehemu Dakta Taaitta Toweett wa Kericho hakuikuta bahati hiyo.

Alizaliwa mwaka 1925 katika nchi ya Wakipsigis, ambayo leo imegawika baina ya Kericho na Bomet. Wakati huo makampuni ya Kiingereza ndiyo kwanza yanapanda chai katika ardhi waliyonyang'anywa wenyewe. Mwaka 1934 serikali ikatunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa mambo ya dini na uaguzi, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Habari za kale za watu wale hazikuwa katika karatasi. Zilikuwa vifuani mwa wazee, na wazee ndio hao wanaotawanywa.

Basi aliyetaka kusoma habari za jamii hiyo alikuwa na rafu fupi mno. Kulikuwa na kitabu cha Hollis juu ya Wanandi, ndugu zao, kilichotoka 1909. (Hollis huyu si mgeni kwetu: ndiye aliyechapisha habari za kale za Vumba mwaka 1900.) Kulikuwa na cha Peristiany cha 1939, na cha Orchardson, mzungu aliyekaa Kericho miaka mingi, ambacho kilipigwa chapa 1961. Ni vitabu vya maana, nami sina ugomvi navyo. Ila vyote vimeandikwa na wageni, kwa lugha ya kigeni, ili wasome wageni.

Toweett alisoma Alliance High School, kisha Makerere na Uingereza, na shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini aliipata kwa posta, masomo yakimfuata nyumbani katika bahasha. Mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na 1960 alikuwa miongoni mwa viongozi wa KADU, chama kilichoongozwa na Ronald Ngala wa huku kwetu. Siasa zake zina mengi, na wengine wamekwisha kuyaeleza.

Linalonistaajabisha mimi ni hili. Katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Elimu wa Kenya, na mwaka 1976 akachaguliwa rais wa Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi. Katika miaka hiyo hiyo, yeye ambaye walimu wote wa nchi walikuwa chini yake, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1975 alitoa tasnifu juu ya majina ya Kikalenjin, na baadaye akapata udaktari kwa uchunguzi wa lugha hiyo hiyo. Si kazi nyepesi. Katika Kikalenjin jina lina maumbo mawili, moja la kitu chochote na jingine la kitu kinachojulikana, na wingi wake una njia nyingi za kumchosha mtu. Waziri gani mwingine aliyatoa mafaili ya serikali mezani akaweka orodha ya majina ya vyombo, mifugo na miti?

Mwaka 1979 ulifika uchaguzi, na watu wa Buret wakamnyima kura. Kiti cha bunge kikaenda, na uwaziri pia. Lakini mwaka huo huo vilitoka vitabu vyake vitatu: uchunguzi wa lugha ya Kikalenjin, historia ya Wakipsigis iliyotokana na masimulizi, na kamusi ndogo ya majina kwa Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin. Rafu ile fupi ikapata vitabu vya mwana wa nyumbani, na yale ya vifuani mwa wazee yakapata karatasi.

Toweett alifariki mwezi wa Oktoba 2007. Mimi katika vile vitatu naipenda ile kamusi, ambayo hata kwa jina lake imekiweka Kiswahili katikati. Lugha yetu ilikwisha kufika milimani kule zamani: chai wanaita chaik, na kitabu kwao ni kitabut.