Enoch Sontonga: tunaimba tuni yake, kaburi lake lilipotea miaka mingi

Leo siasa na mpira naviweka pembeni. Nataka tumuongelee mtu ambaye sote tumeimba tuni yake tangu darasa la kwanza tukiwa mstarini asubuhi, lakini ukiuliza jina lake kafe nzima inakuwa kimya. Huyo ni Enoch Mankayi Sontonga, mtunzi wa tuni ya Mungu Ibariki Afrika. Namleta hapa kwa sababu vijana wa kwaya huku kwetu, toka milima ya Vidunda mpaka Mikumi na Kilosa mjini, wanazidi kutunga kwa kompyuta, na maisha ya huyu bwana yanawahusu sana.

Sontonga alikuwa Mxhosa, alizaliwa mnamo mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini. Alisomea ualimu Lovedale, halafu akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mbali na ualimu alikuwa kiongozi wa kwaya, tena alikuwa mpiga picha. Alimuoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto mmoja. Nyimbo zake nyingi aliwatungia wanafunzi wake mwenyewe.

Sasa sikilizeni hapa. Huyu jamaa hakuwa na okestra. Alikuwa na sauti za watoto na daftari la shule, basi. Aliandika kwa solfa, zile herufi za d, r, m, f, s, l, t ambazo kila mwanakwaya wetu anazijua. Mtindo huo ulienezwa Uingereza na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakauleta Afrika kwa sababu ni rahisi: hauhitaji mistari mitano wala piano. Ukiwa na kalamu na karatasi unaweza kuandika soprano, alto, teno na besi.

Mwaka 1897 akatunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio. Mwaka 1899 ukaimbwa hadharani kwenye ibada ya kumsimika mchungaji mmoja Mmethodisti. Halafu tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga akafariki, umri kama miaka 32 tu. Kijana kabisa!

Alipoondoka ndipo wimbo ukaanza safari. Kwaya ya shule ya Ohlange ya John Dube iliusambaza. Januari 1912 uliimbwa kwenye mkutano wa kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi London, akipigiwa piano na Sylvia Colenso. Mshairi Samuel Mqhayi akaongeza beti saba, na mwaka 1927 Lovedale wakauchapisha. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikachukua tuni ile kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo inaitumia kwa maneno yake, na Afrika Kusini yenyewe imeuweka ndani ya wimbo wake wa taifa. Leo unapigwa na bendi za jeshi na okestra kubwa zenye violini na tarumbeta. Mwenyewe hakusikia hata moja ya hizo.

Lakini mtunzi je? Hapa ndipo roho inauma. Lile daftari lake walimu wengine wa kwaya walikuwa wanaliazima. Likazunguka mkono kwa mkono, mwisho likafika kwa ndugu mmoja wa familia, na mpaka leo halijaonekana. Nyimbo nyingine zilizokuwamo zimekwenda na maji. Na kaburi? Watu walilitafuta wasilione. Kisa ni nini? Kwenye kitabu cha makaburi ya Braamfontein aliandikwa kwa jina la Enoch, siyo Sontonga! Lilipatikana miaka ya 1990, na tarehe 24 Septemba 1996 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, Rais Mandela akazindua mnara. Miaka 91 baada ya kifo, jamani.

Turudi kwetu sasa. Leo kijana wa Vidunda haitaji kuwa na okestra ili asikie okestra. Kuna MuseScore, programu ya kuandikia nota ambayo ni ya bure. Toleo la nne lilitoka Desemba 2022 pamoja na maktaba ya sauti iitwayo Muse Sounds, nayo ya bure. Hizo sauti siyo zile za kinanda cha kuchezea. Wanamuziki wa kweli walirekodiwa nota moja moja, kwa nguvu na kwa upole, na programu inachagua rekodi inayofaa kila nota unayoandika. Ila maktaba ni mzigo mkubwa, usijaribu kuishusha kwa bando la siku moja, utalia.

Utamu huo una mtego wake. Kompyuta haichoki wala haipumui. Ukiiandikia tarumbeta nota za juu kurasa tatu mfululizo itazipiga bila kulalamika, lakini mpe mtu wa kweli uone midomo yake itakavyokuwa. Ndiyo maana mimi nasema tuanze alipoanza Sontonga: andika kwanza sauti nne zinazosimama zenyewe, kwaya iimbe bila laptopu. Wimbo ukisimama hivyo, violini na filimbi zitaongeza uzuri. Usiposimama, hata violini mia hazitauokoa.

La pili ni daftari. Kwenye kompyuta za kafe nimekuta nyimbo nzuri zimeachwa kwenye desktopu zikiitwa "wimbo mpya" au "misa 2", bila jina la mtunzi wala mwaka. Kompyuta ikisafishwa, kwisha habari. Mwingine akinakili kwenye flashi yake, kesho wimbo una baba mpya. Tofauti yake na lile daftari la kuazimana ni nini?

Tena usitegemee programu moja tu. Finale ilikuwa kati ya programu kubwa za nota duniani kwa zaidi ya miaka 30, lakini Agosti 2024 kampuni yake ikatangaza kuwa haitaiendeleza tena. Faili la programu moja mara nyingi halifunguki sawasawa kwenye nyingine. Kwa hiyo ukimaliza wimbo toa nakala tatu: faili la programu yenyewe, PDF ya kuchapa, na MusicXML, ambayo programu nyingi za nota zinaisoma. Jitumie kwa barua pepe, na karatasi moja ibaki kwenye kabati la kwaya. Juu kabisa andika jina lako lote, la kwanza na la ukoo, na tarehe.

Watu watasema kwani nyimbo za kwaya ya kijijini nani atazitafuta? Mwaka 1897 hata mwalimu wa Nancefield angeweza kuulizwa hivyo hivyo kuhusu wimbo wa wanafunzi wake. Hakuna aliyejua utakuwa wa mataifa.

Haya, wanakwaya wa Vidunda, Kidodi, Mikumi na kwingineko, mnatumia programu gani kutunga? Na nyimbo za walimu wenu wa zamani zimehifadhiwa wapi? Kama kuna mzee bado ana daftari lake la solfa, nendeni mkalipige picha wiki hii. Maoni hapo chini, tuko pamoja.