Apolo Kivebulaya Katika Minyororo

Mlimaji wa mpunga katika bonde la Kilombero ajua kungoja maji ya mto yapungue. Walakini angojapo hulitengeneza jembe lake. Kungoja haki nako ni vivyo hivyo, nasi twajifunza neno hili katika maisha ya Apolo Kivebulaya.

Apolo alikuwa mtu wa Buganda, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alikwenda Mboga, iliyo leo katika nchi ya Kongo, kuihubiri Injili. Mkuu wa huko, Tabaro, alimchukia. Hata dada yake Tabaro alipouangukia mkuki kwa bahati mbaya akafa, Apolo alishtakiwa kuwa ndiye mwuaji. Alipigwa, akafungwa minyororo, akatiwa gerezani naye hana kosa. Humo gerezani, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akamtia moyo.

Mwisho akafunguliwa. Wengi wetu tungaliikimbia nchi ile, au tungalitafuta kisasi. Apolo alirudi Mboga kwa watu wale wale, akaendelea kufundisha. Na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alifariki huko Mboga tarehe 30 Mei 1933.

Ndugu wapenzi, hatusemi ya kuwa dhuluma ni kitu chema, wala hatumkatazi aliyeonewa kusema kweli mbele ya hakimu. Twasema hivi tu: hukumu ikikawia, jembe lisitupwe.